Sinema za Gari Lenye Moyo: Tuwaonyeshe Watoto?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni sinema za kuchekesha za gari lililo hai. Kila baada ya muda watu waliozitazama utotoni huzikumbuka na kutamani zitengenezwe upya, ili nao wawaonyeshe watoto wao. Wengine hucheka na kusema kwamba huo ni upuuzi wa zamani, gari la kuchezewa, hadithi isiyoingia akilini. Na wapo akina mama wanaouliza swali la maana zaidi: zinawafaa watoto wetu?

Jibu langu ni kwamba zinafaa, na zikitengenezwa upya vizuri zitafaa zaidi. Lakini lipo sharti moja, nalo linatuhusu sana sisi tunaoishi kando ya barabara za milimani. Nitalieleza, lakini kwanza tulifahamu gari lenyewe.

Herbie ni nani?

Mwaka 1968 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa sinema iitwayo The Love Bug. Mhusika wake mkuu ni Volkswagen ndogo nyeupe, ile yenye mgongo kama wa kobe, iliyoandikwa namba 53. Jina lake ni Herbie. Hasemi neno hata moja. Hupiga honi, hufungua mlango mwenyewe, hukataa kwenda asikotaka, na akichukizwa na mtu humrushia oili viatuni.

Anayemwendesha ni Jim, dereva wa mashindano ambaye mambo yake yameharibika. Jim akianza kushinda hujisifu, akidhani ni ufundi wake mwenyewe. Rafiki yake, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye anayetambua mapema kwamba gari hili lina moyo. Katika mashindano ya mwisho Herbie anakatika vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na vyote viwili vinafika. Kimoja kinakuwa cha kwanza na kingine cha tatu! Watoto wakifika hapo hawakai tena kwenye viti.

Sinema hiyo ilipendwa, basi zikafuata nyingine mwaka 1974, 1977 na 1980. Baada ya hapo Herbie alionekana kwenye televisheni tu, mpaka mwaka 2005 aliporudishwa kwenye majumba ya sinema katika Herbie: Fully Loaded. Wakati huo hata gari lenyewe lilikuwa limekwisha kuagwa, kwa maana Volkswagen za aina hiyo ziliacha kutengenezwa mwaka 2003 huko Mexico, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21 duniani.

Dudu, jina letu

Wengi hawajui kwamba Herbie alikuwa na mwenzake, na kwamba huyo mwenzake ana jina la Kiswahili. Kuanzia mwaka 1971 mwongozaji mmoja wa Austria, Rudolf Zehetgruber, alitengeneza Ujerumani mfululizo wa sinema tano za Volkswagen ya manjano yenye akili. Wajerumani huliita gari hilo mdudu, nasi tuna neno letu, basi akaliita Dudu. Sinema ya mwaka 1971 inampeleka Dudu kwenye mashindano ya magari ya Afrika Mashariki.

Hilo halikuwa jambo la kubuni tu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope ambalo akina mama wa milimani wanalijua. Volkswagen za mgongo wa kobe zilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, zikayaacha nyuma magari makubwa na ya bei ghali. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba gari dogo la kudharauliwa kushinda ni hadithi ya watoto, mwambie kwamba huku kwetu lilishinda kweli, mbele ya macho ya watu.

Tazama basi jambo hili. Jina limetoka kwetu, na barabara zimetoka kwetu, lakini ni watoto wangapi wa Kiswahili wanaomjua Dudu? Watoto wa Ujerumani walimcheka na kumpenda Dudu bila kujua neno hilo limetoka wapi, na watoto wenye neno lao hawakupata kusimuliwa.

Sinema si ngeni milimani

Asiwepo wa kusema kwamba mambo ya sinema ni ya mjini tu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 sinema zilitengenezwa katika milima hii hii ya Usambara, huko Vugiri, upande wa Korogwe. Mradi huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Lori lenye mashine lilizunguka vijijini, watu wakakusanyika usiku, picha zikaonyeshwa huku maelezo yakisikika kutoka kwenye santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Mambo yaliyoonyeshwa yalikuwa kama kilimo cha chai, ugonjwa wa safura na kuweka akiba posta.

Yalikuwa mafundisho mazuri. Lakini kumfundisha mtu ni jambo moja, na kumwachia acheke pamoja na mtoto wake ni jambo jingine. Familia inahitaji yote mawili. Familia iliyokaa mwaka mzima ikisikia maagizo tu, leteni kuni, fanyeni hesabu, nyamazeni, inahitaji pia jioni ambayo baba, mama, bibi na wajukuu wanacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sinema za Herbie zilitengenezwa kwa ajili ya jioni kama hiyo. Bibi hataona haya kukaa na mkwewe, wala mama hatalazimika kufunika macho ya mtoto.

Mazuri yaliyomo

Nitataja matatu, ili ujue la kuzungumza na watoto.

La kwanza ni bibi wa mwaka 1974. Katika Herbie Rides Again yupo bibi kizee anayeishi katika nyumba ya zamani mjini San Francisco. Tajiri mmoja mjenzi anaitaka sehemu ile ajenge jumba refu, anatuma mawakili, anatuma mashine za kubomoa. Bibi anakataa. Herbie anasimama upande wake, na mwishoni Volkswagen nyingi zinakuja kumsaidia kumfukuza yule tajiri. Mama mwenzangu, nani kati yetu hajui mjane aliyeandamwa kwa ajili ya shamba au nyumba baada ya mume kufariki? Mtoto anayecheka wakati tajiri anakimbizwa na magari amekwisha kuchagua upande wa bibi, hata kabla hajajua neno dhuluma. Ukimwuliza, “Kwa nini bibi hakutaka kuuza?” atakupa majibu ambayo hukuyatarajia.

La pili ni mtoto Paco wa mwaka 1980. Katika Herbie Goes Bananas yumo mtoto yatima wa Mexico anayeishi kwa kuwaibia watu mifukoni. Anakutana na Herbie, na kwa kuwa ameona tarakimu 5 na 3, anazijumlisha, anapata 8, anamwita gari lile Ocho, yaani Nane kwa Kihispania. Mtoto asiye na mtu anampa gari jina, na kwa namna hiyo anapata wa kwake. Kwa watoto wadogo hapo kuna hesabu, na kwa wakubwa kuna swali la kwa nini mtoto anakuwa mwizi.

La tatu ni msichana wa mwaka 2005. Anaitwa Maggie, anamkuta Herbie kwenye uwanja wa magari mabovu, limebaki kidogo lisagwe liwe chuma chakavu. Baba yake hataki aendeshe magari ya mashindano, kaka yake ndiye anayetarajiwa. Mwishoni ni yeye anayeshika usukani na kushinda. Watoto wa kike wa nyumbani kwako waone hilo. Baba yao naye aone.

Mahali pa kuangalia

Sasa nifike kwenye lile sharti. Mama mmoja wa huku alinieleza kwamba mtoto wake wa miaka mitano, baada ya kutazama sinema ya aina hii kwenye simu ya mjomba wake, alikwenda kusimama kando ya barabara akilipungia mkono lori la kabichi lililokuwa linateremka. Alipovutwa na kuulizwa, alisema gari limemwona, litasimama lenyewe.

Kwa mtoto huyo halikuwa jambo la ajabu. Hata sisi watu wazima tunapozungumza tunalitia gari uhai. Tunasema gari limegoma. Gari limechemsha. Gari linakohoa, linakunywa mafuta mno, limelala njiani, limekufa. Mtoto anasikia hayo kila siku, halafu anaona kwenye sinema gari linalofungua mlango lenyewe. Kwa nini asiamini?

Kwa hiyo tumwambie ukweli, na ukweli wenyewe ni mtamu kuliko sinema. Gari halina macho. Mwenye macho ni dereva, na dereva akisinzia gari limekuwa kipofu. Gari halina moyo wa kumhurumia mtoto. Mwenye moyo ni baba au kaka aliyeshika usukani, na yule utingo anayeruka chini akiwa na kipande cha gogo kuzuia gurudumu lori linapokwama mlimani. Barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni kuteremka Mombo ina kona zinazofuatana, na huku juu kwetu tope la masika linateleza kama sabuni. Lori lililojaa viazi halisimami mara moja hata dereva akitaka. Mtoto alijue hilo kabla hajamjua Herbie.

Na umfunulie siri ya sinema yenyewe. Herbie hakuwahi kujiendesha. Alikuwapo dereva stadi aliyejificha nyuma, mahali ambapo kamera haikumwona, akishika usukani wa pili. Watoto wanaipenda siri hiyo. Watarudia kutazama wakitafuta alipojificha, na wakati huohuo watakuwa wamejifunza kwamba nyuma ya kila gari linalokwenda kuna mtu, na mtu huyo anaweza kuchoka, anaweza kukosea, anahitaji kupumzika.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia katika ile sinema ya mwaka 1968. Kuna mahali ambapo mtu mbaya anamwaga kahawa yenye pombe kwenye tangi la mafuta, na Herbie analewa, watu wanacheka anavyoyumba. Usikimbie kuizima. Mwulize mtoto, “Dereva akilewa, nani anaumia?” Mtoto wa mlimani anayajua magari yaliyotumbukia korongoni. Jambo la pili ni kwamba Herbie, alipoona Jim amenunua gari jingine zuri zaidi, anakimbia kwa huzuni na kutaka kujirusha kutoka kwenye daraja kubwa. Jim anamfuata, na katika kumzuia nusura aanguke yeye. Mtoto mwenye majonzi, au aliyeona mama wa kambo akiingia, au aliyesikia habari ya mtu aliyejidhuru, anaweza kuguswa hapo kuliko unavyodhani. Uwe karibu naye. Mwambie kwamba mtu akihisi ameachwa, atafute wa kumwambia, na kwamba wewe upo.

Umeona basi sharti langu ni lipi. Sinema hizi ni nzuri mtu mzima akiwa amekaa pembeni ya mtoto. Simu iliyoachwa mkononi mwa mtoto chumbani, ili mama apike kwa utulivu, inaweza kuonyesha sinema ileile, lakini hakuna wa kuulizwa. Na ikiisha, simu inachagua yenyewe kinachofuata, na hicho hukukichagua wewe.

Zikitengenezwa upya, tungependa ziweje?

Wenye kutengeneza sinema wako mbali, lakini hakuna ubaya kusema tunachopenda. Wasilibadilishe gari dogo likawa la fahari. Siri ya Herbie ni kwamba ni gari la watu wa kawaida, linalodharauliwa na kuchekwa, na hata mtu mwenye shida anaweza kuwa nalo. Wasilifanye liseme, maana gari lisilosema linaeleweka na mtoto wa Shume sawa na mtoto wa London, bila mtafsiri. Waache vichekesho vya kitoto, mlango unaompiga mtu mbaya, maji yanayomwagika. Wanaoviita upuuzi wamesahau walichocheka walipokuwa na miaka saba.

Na vijana wetu wa Tanzania wanaotengeneza filamu, ambao kazi zao nyingi ni za mapenzi, uchawi na ugomvi wa ndoa, wafikirie hadithi ya gari. Wamfufue Dudu huku lilikotoka jina lake. Mahali papo. Enzi za Wajerumani magogo ya mtarakwa yaliteremshwa kutoka Shume hadi kwenye reli huko Mkumbara kwa kamba ya chuma iliyotandazwa juu ya mabonde. Hebu fikiria sinema ya watoto kuhusu gari kuukuu linaloishi mahali kama hapo. Linabeba karoti za wajane hadi sokoni, linamkataa dalali mdanganyifu, na linamwamsha dereva wake kwa honi anaposinzia kwenye kona. Mtoto angeona ukungu wetu, masweta yetu, vikapu vyetu, na angecheka mambo ya kwao.

Ufanye nini nyumbani?

Usisubiri sinema mpya. Haya unaweza kuanza nayo Jumamosi hii.

Chagua siku moja kwa mwezi ya kutazama sinema pamoja. Kama nyumba moja tu ina umeme wa jua na televisheni, kusanyeni watoto wa nyumba tatu au nne hapo, na kila mama alete chochote, mahindi ya kuchoma au viazi vya kuchemsha. Baba akiwa safarini na lori, mngojeni arudi. Sinema ya gari ni yake kwanza kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Itazame wewe kwanza, au walau mwulize aliyeitazama. Lugha isiwatishe. Kwa miaka mingi watu wa Dar es Salaam walikaa kwenye mabanda ya video wakimsikiliza Lufufu akiwasimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, na wengi waliipenda sauti yake kuliko maneno ya sinema. Kaka mkubwa aliye sekondari anaweza kufanya kazi hiyo nyumbani kwako, na Kiingereza chake kitanufaika.

Simamisha mara mbili au tatu, uulize swali fupi. Usihubiri. Ukihubiri kila dakika tano watoto watakimbilia kwa jirani asiyehubiri.

Baada ya kutazama, waambie watengeneze gari lao. Watoto wetu ni mafundi wa magari ya waya na maboksi, yenye magurudumu ya kandambili zilizokwisha. Kila mtoto alipe gari lake jina, aseme linapenda nini, linachukia nini, limemsaidia nani. Mtoto mkimya ambaye hasemi shida zake mara nyingi ataliweka gari liseme kwa niaba yake. Sikiliza kwa makini. Akisema gari lake linaogopa usiku, au halipendi kubeba mtu fulani, usicheke tu. Mwulize taratibu kwa nini.

Mwisho, mkiwa mmekaa hivyo, mwombe baba awasimulie watoto kazi yake barabarani, siku gari lilipokwama na watu wakalisukuma, siku fundi alipolala chini yake kwenye tope mpaka likawaka. Wanaume wengi hawajui kwamba watoto wangependa kusikia hayo, na watoto wengi hawajui kwamba yule anayerudi usiku amechoka na kunyamaza ndiye macho na moyo wa lori.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya watoto wanaolelewa na bibi. Mwenye swali juu ya hilo aliandae. Kaeni salama, na muwashike watoto mkono mnapovuka barabara.